Namna ya kufanya utafiti wa kufundisha kuziba meno: anza na macho ya wasahihishaji

Kila msimu wa kutafuta mada unapofika, wanafunzi hunijia na swali moja kwa sura mbalimbali. Video au onyesho la mwalimu? Miwani ya kukuzia au macho matupu? Kichwa cha mazoezi chenye meno ya plastiki au mashine ya kompyuta inayoigiza jino? Mimi huwajibu kwa swali: utajuaje kwamba jino hili limechongwa vizuri kuliko lile? Wengi husema, "Mwalimu atalipatia alama." Sawa, mwalimu yupi? Na akiletewa jino hilo hilo baada ya wiki mbili, atalipatia alama ile ile?

Nafundisha kuziba meno na nasimamia tafiti za wanafunzi, na mwongozo huu umeegemea upande mmoja kwa makusudi. Nimetumia nafasi kubwa kwenye kipimo kuliko kwenye hesabu za mwisho, kwa sababu tafiti nyingi za ufundishaji wetu huharibikia hapo. Rula yetu ni jicho la mtu. Ikiwa imepinda, hakuna programu ya takwimu itakayoinyoosha.

Punguza swali mpaka liingie kwenye jino moja

Kuziba jino ni mlolongo mrefu wa kazi: kugundua uozo, kuamua kama kweli jino linahitaji kuzibwa, kutia ganzi, kulitenga kwa mpira, kuondoa uozo, kuchonga, kufunga utepe na kabari, kupaka gundi, kujaza, kukausha kwa taa, kusawazisha mng'ato, kung'arisha. Ukisema unapima "ujuzi wa kuziba", utagusa kila kitu na hutagundua chochote. Chagua hatua moja.

Ninayoipendekeza mara nyingi ni kuchonga kisanduku, yaani shimo lenye umbo la sanduku, cha upande wa mbele wa gego la kwanza la chini kushoto, jino namba 36. Katika mgawanyo wa G.V. Black, daktari wa meno Mmarekani aliyefariki mwaka 1915 na ambaye madaraja yake ya matundu bado tunayatumia, hilo ni tundu la daraja la pili, yaani la ubavuni mwa jino la nyuma. Lina kila kinachomtesa anayejifunza. Kuna jino jirani lililogusana nalo. Kuna sakafu iliyo karibu na ufizi, usiyoiona vizuri hata ukiinamisha kioo. Kuna ukuta wa ndani unaopakana na kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu. Na taji lenyewe limeinamia upande wa ulimi, kwa hiyo anayeshika mashine wima kabisa hujikuta anakula upande mmoja zaidi ya mwingine. Kazi ya namna hii huwatenganisha haraka walioiva na wasioiva, na bila kazi inayowatenganisha watu huna cha kupima.

Usidhani lazima swali lihusu mashine. Mbinu ya kuondoa uozo kwa zana za mkono na kujaza saruji ya glasi-ionoma ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji ganzi. Ina maswali mazuri ambayo watu huyapita. Kwa mfano, saruji inayochanganywa kwa mkono huharibika uwiano wa unga na majimaji ukikosewa. Je, wanafunzi waliofundishwa kwa kupima kijiko cha unga kilichosawazishwa hukaribia uwiano sahihi kuliko waliofundishwa kwa kutazama tu? Hapo kipimo chako ni mizani, na mizani haina kipenzi darasani. Ukipata swali la namna hiyo, ruka sehemu kubwa ya mwongozo huu na ushukuru.

Jambo jingine la kuamua mapema ni ngazi unayoipima. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kutathmini mafunzo, alizipanga nne mwishoni mwa miaka ya 1950: walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, wanavyotenda kazini, na matokeo ya mwisho, ambayo kwetu ni mgonjwa. Hojaji ya "je, ulifurahia video?" imekaa ngazi ya kwanza. Ichukue kama nyongeza, lakini usiijengee hitimisho juu ya ujuzi. Wanafunzi hufurahia karibu kila kitu kipya, hasa kikiwafanya waondoke maabara mapema.

Mwongozo wa usahihishaji

Uandike kabla hujagusa jino hata moja la utafiti, na uanze kwa kuvitenganisha vinavyopimika kwa milimita na vinavyoamuliwa kwa jicho.

Kwanza jiulize tundu hili litajazwa nini. Kwa amalgamu, kijazo cha metali iliyochanganywa na zebaki, sakafu ya juu hufundishwa iwe na kina cha milimita 1.5 hadi 2, kwa sababu amalgamu ikiwa nyembamba huvunjika. Kompoziti, kijazo cha resini chenye rangi ya jino, ni habari nyingine. Tangu Michael Buonocore alipoonyesha mwaka 1955 kwamba enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikitiwa asidi ya fosforiki hushikana na resini, haja ya kuchonga umbo la kunasia imekuwa ikipungua, na leo kwenye kompoziti tunaondoa kilichooza, tunasafisha kingo na kuacha jino zima lilivyo. Hata hivyo nimeshika mikononi miongozo ya kompoziti inayomkata mwanafunzi alama kwa sababu hakuchonga kama wa amalgamu. Mwongozo wa hivyo utampa ushindi mwanafunzi anayeharibu jino zaidi.

Halafu andika mahali pa kupimia, siyo kipimo peke yake. Chukua kina cha kisanduku. Unaingiza proba, kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, hadi iguse sakafu, kisha unasoma kwenye ukingo. Ukingo upi? Vilele vya upande wa shavu na vya upande wa ulimi haviko kimo kimoja, na tundu likifuata mteremko wa jino, msahihishaji mmoja atasoma 3 na mwingine 4 kwenye shimo lile lile, wote wakiwa waangalifu. Ninachofanya ni kulitoa jino kwenye taya, kulisimamisha kwenye kitalu cha plasta kilichotengenezwa kwa ajili yake ili likae wima daima, kisha naandika kwenye mwongozo: proba iguse ukuta wa ndani, katikati, isomwe usawa wa ukingo wa upande wa shavu, jicho likiwa sambamba na alama. Sentensi hiyo moja huondoa ugomvi mwingi kuliko kikao kizima.

Kwa jino jirani, usitegemee mwanga wa taa. Mkwaruzo wa ncha ya almasi kwenye plastiki nyeupe hujificha. Paka risasi ya penseli laini kwenye uso uliokuwa umegusana, futa kwa pamba kavu. Uso mzima utasafishika, ila risasi itabaki ndani ya mkwaruzo. Sasa hata aliyesimama nyuma ya meza ataona. Kila mwanafunzi apewe jino jirani jipya kila mara, la sivyo utamhukumu mtu kwa dhambi za mwenzake wa mwaka jana.

Vinavyobaki, vya kuamuliwa kwa jicho na mkono, vipe ngazi tatu: inakubalika, inarekebishika, haikubaliki. Wanaopenda alama za 0 hadi 100 hujidanganya, kwani hakuna anayeweza kueleza tofauti ya ukuta wa alama 67 na wa alama 71. Kila ngazi iandikiwe tendo la kuithibitisha. "Ukuta ni laini" haitoshi. "Proba ikiburutwa kutoka sakafuni hadi ukingoni haikwami popote" inatosha.

Na yapo makosa yasiyochanganywa na mengine. Aliyekifikia kiini cha jino hafidiwi na kingo nzuri. Ukijumlisha alama zote na kutafuta wastani, mwanafunzi aliyetoboa kiini anaweza kumpita aliyeacha kona moja chafu. Kosa la namna hiyo liwe safu yake peke yake kwenye jedwali: limetokea, au halikutokea.

Kuyasawazisha macho

Sasa kazi yenyewe. Tafuta meno 50 hivi yaliyochongwa na madarasa yaliyopita, yasiyohusika na utafiti wako. Yachague kwa makusudi: mazuri, mabaya, na mengi ya katikati, maana ubishi wote uko katikati. Yape namba zisizofuata mpangilio wowote. Kila msahihishaji ayapitie peke yake, chini ya taa ile ile, wote wakiwa na miwani ya kukuzia ya nguvu moja au wote bila miwani. Baada ya wiki mbili, mtu mwingine abadilishe namba, wayapitie tena. Unapata vitu viwili: wanavyokubaliana wao kwa wao, na kila mmoja anavyokubaliana na nafsi yake. Hilo la pili huwashangaza wengi, na wakongwe ndio hushangaa zaidi.

Usiishie kwenye asilimia. Nitaonyesha kwa hesabu ya mfano. Tuseme wasahihishaji wawili wameyaangalia meno 50 na kuamua tu kama yanakubalika au la. Wote wawili wamekubali 42. Wote wamekataa 2. Yapo 3 ambayo wa kwanza kakubali na wa pili kakataa, na 3 kinyume chake. Wamekubaliana kwenye 44 kati ya 50, yaani asilimia 88. Ukiandika hivyo kwenye ripoti itapendeza sana.

Lakini tazama. Kila mmoja wao amekubali meno 45 kati ya 50, yaani 0.9 ya yote. Hata wangekuwa wanatupa kura wakiwa wamefumba macho, mradi kila mmoja akubali tisa katika kila kumi, wangekubaliana kwa bahati tu mara 0.9 × 0.9, ukijumlisha na 0.1 × 0.1 ya kukataa pamoja. Jumla ni 0.82. Kwa hiyo nafasi ya kuonyesha ustadi ilikuwa kati ya 0.82 na 1, yaani 0.18, na wao wamepata 0.88, yaani wameipita bahati kwa 0.06. Gawanya 0.06 kwa 0.18: unapata 0.33. Hiyo ndiyo kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Kwa ngazi za Landis na Koch za mwaka 1977, ambazo watu huzinukuu mno, 0.33 ni makubaliano hafifu kiasi, na wengi hutaka angalau ipite 0.60 kabla ya kuendelea. Asilimia 88 ilikuwa inatuficha kwamba kwenye meno mabaya, yale hasa tunayotaka kuyakamata, kila mmoja alikataa 5 na waliyokubaliana ni 2 tu.

Kwa ngazi tatu tumia kappa yenye uzito, ili kosa la kuruka ngazi mbili lihesabiwe kubwa kuliko la ngazi moja. Kwa milimita tumia mgawo wa uwiano wa ndani ya kundi (kwa Kiingereza, ICC), unaopima makubaliano ya vipimo vya namba. Programu nyingi za takwimu zinavyo, na hesabu yenyewe ni ya dakika chache. Kazi ngumu ni kikao kinachofuata.

Katika kikao leta yale meno yaliyoleta mgongano tu. Kila mtu aandike alama yake upya kwenye karatasi kabla ya yeyote kusema neno, na aanze kueleza mdogo kwa cheo. Profesa akitangulia kusema, wengine humfuata, na kappa itapanda bila mtu yeyote kuona vizuri zaidi ya alivyoona jana.

Mara nyingi utagundua kwamba ugomvi hauhusu macho hata kidogo. Katika kikao kimoja nilichokiongoza tulikuwa na meno halisi yenye uozo mzito. Msahihishaji mmoja alikuwa akiyakataa mfululizo, mwingine akiyapitisha. Tukayarudia moja moja. Wa kwanza alifundishwa kwamba unakwangua dentini, tabaka lililo chini ya enameli, hadi usikie mlio mkavu chini ya zana, kila mahali, na ukiacha laini umemwachia mgonjwa ugonjwa. Wa pili alikuwa akifuata mapendekezo ya jopo la kimataifa la mwaka 2016, ambayo kwa uozo uliokaribia kiini yanataka kingo za pembeni zisafishwe hadi pagumu, lakini juu ya kiini dentini laini iachwe na kufunikwa, kuliko kukitoboa kiini kwa kutafuta usafi. Wote wawili waliona kitu kile kile kwa usahihi. Kila mmoja alikuwa na kitabu tofauti kichwani. Wangeingia kwenye utafiti hivyo, mbinu mpya ya kufundisha ingeonekana nzuri au mbaya kutegemea meno yameangukia meza ya nani. Tuliandika kanuni mbili kwenye mwongozo, ya pembeni na ya juu ya kiini, na meno mengi yaliyokuwa yakigombewa yakapata alama moja.

Macho yakishasawazishwa hayabaki hivyo. Watu huchoka, huwa wakali asubuhi na wapole jioni, au kinyume chake. Chukua meno 10 kutoka yale ya mazoezi, yachomeke kimyakimya kati ya meno ya utafiti, uone kama wanayapa alama walizoyapa mwanzo. Na kila msahihishaji ayaone meno yote. Usimpe mmoja kundi la video na mwingine kundi la onyesho, hata kama ratiba inakubana, maana hutajua tena kama umepima mbinu au umewapima walimu.

Ufiche nani kafanya nini. Mtu asiyesahihisha ayatoe meno kwenye taya, ayasafishe vumbi, ayape namba. Angalia pia alama zinazosaliti kundi: kama kundi moja lilifundishwa kuchora mstari wa penseli kabla ya kuchonga, futa mabaki ya penseli kwenye meno yote.

Kuhusu skana: siku hizi unaweza kulipiga jino picha ya pande tatu na kulilinganisha na jino la mfano, ukapata tofauti kwa maikromita. Ni zana nzuri, na huwa nafurahi mtu akiwa nayo, ila haikuondolei jukumu. Jino la mfano lilichongwa na nani, na nani kasema ndilo? Tena, programu ikiambiwa izilaze picha mbili zilingane kadiri iwezekanavyo kwa umbo lote pamoja na tundu, italisambaza kosa la kina kidogo kidogo kila mahali, na shimo refu litaonekana kama kasoro ndogo nyingi. Iambie ilinganishe kwa nyuso ambazo hazikuchongwa.

Kuwagawa wanafunzi

Pima kwanza. Kila mmoja achonge jino moja kabla ya mafunzo, wapange kwa uwezo, kisha ugawe kwa kura ndani ya kila ngazi ya uwezo. Kura ipigwe na mtu asiyewafahamu, na majibu yakae kwenye bahasha zilizofungwa.

Watu hupenda kuwapitisha wanafunzi wote kwenye mbinu zote mbili kwa kupokezana, ili kila mmoja alinganishwe na nafsi yake. Kwa dawa inayoisha mwilini ni sawa. Ujuzi hauishi. Aliyejifunza kwa video wiki ya kwanza hawezi kuuacha mlangoni wiki ya tatu akaanza upya kwa onyesho. Tumia makundi mawili sambamba, na kundi lililokosa mbinu mpya lipewe baada ya vipimo kukamilika, kwa haki yao. Jua vilevile kwamba video itasambaa kwenye simu usiku ule ule. Waulize mwishoni, bila kuwatisha, nani aliiona.

Idadi ya watu huamuliwa kabla. Ukitarajia tofauti kubwa, ya mchepuo sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) 0.8, na ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona kwa kiwango cha kawaida cha 0.05 cha hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo, unahitaji wanafunzi 26 kila kundi. Tofauti ikiwa ya kati, 0.5, unahitaji 64 kila kundi. Darasa moja mara nyingi halifiki hapo. Unganisha madarasa mawili au vyuo viwili, au kubali wazi kwamba unafanya utafiti wa majaribio. Usichoruhusiwa ni kuongeza namba kwa ujanja: wanafunzi 30 waliochonga meno manne kila mmoja hawawi watu 120. Meno ya mkono mmoja hufanana, na hesabu yako lazima ijue lipi ni la nani.

Vilevile usipime siku ile ile ya mafunzo tu. Mtu anaweza kuiga alichokiona nusu saa iliyopita bila kukijua. Rudia baada ya wiki kadhaa, bila kuwatangazia wapate kufanya mazoezi. Mara nyingine mbinu iliyoshinda siku ya kwanza huwa imeshikwa na nyenzake kufikia kipimo cha pili, na hilo ni tokeo kamili, liandike.

Maadili hapa yana mtego wake. Wewe ni mwalimu wao. Ukiwaomba ridhaa ana kwa ana, watakubali kwa sababu unashika kalamu ya mtihani. Ridhaa ichukuliwe na mtu mwingine, usijue nani kakataa mpaka matokeo ya muhula yatoke, na alama za utafiti zisiingie popote kwenye matokeo hayo. Kamati ya maadili ipelekewe pendekezo hata kama "ni meno ya plastiki tu". Unayemchunguza ni mwanafunzi.

Vifaa, kwa ufupi

Meno ya plastiki yanafanana yote, na hiyo ni faida na hasara. Hayakuonyeshi mpaka wa enameli na dentini kwa mkono, na mengi hayana uozo. Nunua yote ya toleo moja. Ncha za almasi ziwe mpya kwa kila mtu, kwa sababu ncha iliyochakaa humfanya mtu akandamize. Ukipima ujazaji wa kompoziti, pima nguvu ya taa ya kukaushia kabla ya kila kipindi, uandike umbali wa ncha ya taa, na ushikilie tabaka zisizozidi milimita 2 isipokuwa kompoziti yako imetengenezwa kujazwa kwa tabaka nene.

Ukitaka meno halisi yaliyong'olewa, ridhaa ya mwenye jino inahitajika. Yahifadhi kwenye kloramini-T ya asilimia 0.5 au thimoli ya asilimia 0.1, kwenye jokofu, na ubadilishe majimaji. Yasikauke. Jino lenye amalgamu usilitie kwenye mashine ya kuulia vijidudu kwa mvuke, kwa sababu litatoa mvuke wa zebaki.

Ukitoka maabara kwenda kwa mgonjwa

Wachache hufika hapa, na nawaheshimu. Kujua kama ufundishaji bora maabara unaleta vijazo vinavyodumu kinywani kunahitaji miaka, na kunahitaji vigezo ambavyo wengine wanavijua. Usibuni vyako. Vipo vya Cvar na Ryge vya mwaka 1971, na vipo vya Shirikisho la Madaktari wa Meno Duniani, FDI, vya mwaka 2007 vilivyorekebishwa baadaye, ambavyo vinagawanya uonekano, utendaji na hali ya kibiolojia. Vya zamani ni vyepesi kuvitumia, lakini kwa kompoziti za leo karibu kila kitu hupata alama ya juu miaka ya mwanzo, na hutaona tofauti.

Wasahihishaji wa kliniki nao husawazishwa kama wale wa maabara. Mgonjwa mmoja mwenye vijazo vitatu ahesabiwe kama mgonjwa mmoja mwenye vijazo vitatu. Wagonjwa wasiorudi wasihesabiwe kama waliopona wala kama walioharibikiwa, na ndiyo maana tunatumia njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958, inayomhesabu kila mmoja mpaka siku alipoonekana mara ya mwisho. Sababu mbili kuu za vijazo kushindwa ni uozo mpya pembezoni na kuvunjika, kwa hiyo rekodi hali ya uozo ya mgonjwa mwenyewe tangu mwanzo. Mkono mzuri wa mwanafunzi hausaidii sana kinywani mwa mtu anayeoza upya kila mwaka, na ukiisahau rekodi hiyo utaulaumu mkono.

Kuandika

Andika kappa zako kabla ya matokeo, za mwanzo na za baada ya kikao, pamoja na mipaka ya uhakika, yaani eneo ambamo thamani halisi huenda imo. Zikiwa mbaya, ziandike hivyo hivyo. Msomaji atajua azisomeje tofauti ulizozipata. Weka mwongozo wa usahihishaji wote kama kiambatisho, pamoja na picha za meno ya mfano ya kila ngazi, ili mwingine aweze kuutumia bila kukupigia simu.

Ukikosa tofauti, usiandike kwamba mbinu mbili "ni sawa". Umeshindwa kuona tofauti, na kwa watu 20 kila kundi ungeweza kushindwa kuona hata tofauti ya maana. Onyesha mipaka ya uhakika, msomaji ataona kama bado inaruhusu tofauti kubwa.

Na meno usiyatupe. Yapange kwenye visanduku vyenye vyumba, kila jino na namba yake ya siri, orodha ya kufumbulia namba ikae kwa mtu mwingine. Mhakiki wa jarida akiuliza kwa nini jino namba 17 lilipata "haikubaliki" kwa wawili na "inakubalika" kwa mmoja, utalitoa, utalisimamisha kwenye kitalu chake cha plasta, na kulipima tena.